Albamu Hupimwa kwa Mizani Ipi

Albamu mpya inapotoka, neno la kwanza juu yake kwa kawaida husemwa redioni, na mara nyingi neno hilo ni fupi mno. Wimbo mmoja huchezwa, jina la msanii hutajwa, kazi husifiwa kuwa ni kali, kisha kipindi huendelea. Huo ni utambulisho, na utambulisho una nafasi yake. Uhakiki wa albamu ni kazi nyingine. Mhakiki husikiliza nyimbo zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zaidi ya mara moja. Hueleza maneno yanasema nini na yamepangwaje, ala zipi zimetumika na zimerekodiwaje, kwa nini wimbo huu umetangulia na ule umefuata, na kazi hiyo imeongeza nini juu ya zilizoitangulia katika muziki wa aina yake. Baada ya hapo hutoa hukumu, na hukumu hiyo huwa na sababu ambazo msikilizaji anaweza kuzikagua kwa masikio yake mwenyewe.

Ugumu uko katika kutoa hukumu hiyo. Kila aina ya muziki ina kanuni zilizojengwa na watu wake kwa muda mrefu. Albamu ya taarabu ikihukumiwa kwa kanuni za hip hop itaonekana ndefu na ya kuchosha. Albamu ya singeli ikihukumiwa kwa kanuni za rumba itaonekana kelele tupu. Mhakiki asiyejua mizani ya muziki anaouzungumzia husifu yasiyostahili sifa na kulaumu yasiyo na kosa.

Katika mji wa Bukoba, mkoani Kagera, jambo hili si la nadharia. Kitendaguro ni moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba, na msikilizaji wa kata hiyo, kwa siku moja tu, anaweza kusikia bongo fleva kutoka Dar es Salaam, kwaya ya Kilutheri au ya Kikatoliki, rumba ya Kongo, muziki wa Uganda unaovuka mpaka, na nyimbo za Kihaya zinazochezwa na Kasibante FM iliyoko mjini hapo hapo. Kihaya na Kiganda ni lugha ndugu, hivyo maneno ya waimbaji wa Kampala si mageni kabisa kwa wazee wa Bukoba. Sikio la namna hiyo limelelewa na mizani nyingi hata kabla mwenye sikio hajasoma uhakiki wowote.

Albamu yenyewe, kama kitu cha kununuliwa na kujadiliwa, ilichelewa kufika Tanzania. Kwa miaka mingi nchi haikuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Bendi za dansi zilirekodi nyimbo zao katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zilirushwa hewani moja moja. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi, na huko nako kilichotoka kwa kawaida kilikuwa sahani ndogo yenye wimbo mmoja uliokatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Ndiyo maana waliokua na nyimbo za bendi kama Msondo na Sikinde hawakuzoea kuzungumzia albamu. Walizungumzia wimbo, mtunzi wake na bendi iliyoupiga. Mabishano yao yalikuwa uhakiki kamili: walibishana juu ya mpiga solo, juu ya maneno, juu ya nani amemjibu nani, lakini kipimo chao kilikuwa wimbo mmoja.

Remmy Ongala alikuwa miongoni mwa wachache waliopata kuhukumiwa kwa albamu nzima mapema. Mwimbaji huyo, mzaliwa wa Kindu mashariki mwa Kongo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa nyumbani kwake, alitoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992 kupitia Real World, kampuni ya Uingereza. Wahakiki wa Ulaya walizipokea kazi hizo kama muziki wa dunia: walisifu magitaa yake na kutaja kwa ufupi kwamba mwimbaji anatetea maskini. Nyumbani, watu waliomsikia akiimba na bendi ya Super Matimila walimpima kwa maneno kwanza. Kwao, hoja ya wimbo ndiyo iliyombeba, na gitaa liliifuata hoja. Hukumu zote mbili zilikuwa za kweli, lakini ile ya nyumbani ilikuwa kamili zaidi kwa sababu ilikuwa na lugha ndani yake.

Kaseti ndiyo iliyofanya albamu iwe jambo la kila siku. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, msanii aliyetaka kuuza alihitaji kujaza pande mbili za kanda, upande A na upande B. Kuruka wimbo kwenye kaseti ni kazi. Lazima kanda ipelekwe mbele kwa kubahatisha. Kwa hiyo mnunuzi alisikiliza nyimbo kama zilivyopangwa, na mpangilio ukawa sehemu ya utunzi. Wimbo wa kwanza wa upande B ulikuwa na heshima ya pekee, kwa sababu ulikuwa ufunguzi wa pili. Mhakiki wa albamu za kipindi hicho asiyetazama mpangilio huo anakosa nusu ya mawazo ya watayarishaji.

Mwaka 2001 ilitoka albamu ambayo kwa Kagera imebaki kuwa kipimo hadi leo. Maria Salome ya Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya, iliyotolewa na kampuni ya FM chini ya Felician Mutta, ilitoka Kagera ikaenea Tanzania nzima na kuvuka mipaka. Ilichezwa harusini, kwenye mabasi na kwenye baa katika mikoa ambayo watu wake hawajui neno la Kihaya. Hilo peke yake lilikuwa tukio kubwa. Nyimbo za lugha za makabila zilikuwa zikirekodiwa tangu zamani, lakini kwa nadra ziliuzwa nchi nzima bega kwa bega na bongo fleva na dansi, katika taifa lililojenga muziki wake wa redio juu ya Kiswahili.

Maoni mengi yaliyoipokea nje ya Kagera yalisimama mahali pamoja. Yalisifu sauti nyembamba na safi ya mwimbaji, yakasifu ngoma, kisha yakaiweka kazi kwenye fungu la muziki wa asili. Sifa hizo zilikuwa sahihi, ila fungu lenyewe lina kasoro. Kazi ikiitwa ya asili, msikilizaji hudhani kwamba nyimbo zimeokotwa kijijini zikiwa tayari, hazina mtunzi, na mwimbaji amezipitisha tu. Maria Salome ni kazi ya studio. Ngoma ya harusini haina saa: huenda kwa kadiri wachezaji walivyo na nguvu, mwimbaji akiongeza majina ya waliohudhuria na kuwasifu waliotunza. Ndani ya albamu, ngoma hiyo imewekewa mwanzo na mwisho, imefupishwa kuwa dakika chache, na waitikiaji wamepangwa ili kiitikio kirudi mahali kinapotarajiwa. Kufupisha bila kuua ni ufundi wa mtunzi na mtayarishaji, na uhakiki ulipaswa kuuona na kuutaja.

Msikilizaji wa Bukoba alikuwa na mizani nyingine, na mizani hiyo ni ya kale. Bahaya, wenye lugha ya Kihaya, wana enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwenye ubao wenye mwili kama beseni refu, ambayo mpigaji huipiga huku akiimba na kusimulia. Tenzi za kishujaa za enanga, zikiwamo zile za Rukiza, Kachwenyanja na Kaitaba, zilichunguzwa kwa kina na Profesa M. M. Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu tenzi hizo. Wapiga enanga hawakuhitaji gazeti la kuwahakiki. Hadhira ilikuwa mbele yao. Neno likipotea chini ya nyuzi, lilionekana. Jina la mtu au la mahali likikosewa, kulikuwa na mzee wa kulisahihisha. Mwimbaji aliyeshindwa kubadilisha mwendo kati ya kuimba na kusema aliwachosha watu, na waliochoka hawakuficha.

Kutokana na utamaduni huo yanatoka maswali ya haki ya kuiuliza Maria Salome na kila albamu ya Kihaya iliyofuata. Je, maneno yanasikika juu ya ngoma? Katika kazi ya Saida Karoli yanasikika vizuri sana, na hapo ndipo ubora wake mkubwa ulipo: matamshi yake hayakimbizwi na mdundo. Je, wimbo una kisa, au ni kiitikio kilichorefushwa? Nyimbo zake zenye nguvu zaidi zina mtu anayezungumza na mtu, na maneno ya mapenzi ndani yake yana mzaha na ukali wa lugha ya nyumbani ambao tafsiri huufifisha. Je, mwendo unabadilika kutoka wimbo hadi wimbo? Hapa albamu inalegea, kwa kuwa nyimbo kadhaa zinakwenda kwa kasi inayokaribiana, na msikilizaji asiyejua Kihaya anaweza kuziona kama wimbo mmoja mrefu. Anayejua Kihaya huzitenganisha kwa maneno. Mhakiki wa haki husema yote mawili.

Historia ya albamu hiyo ilipata sura ya pili mwaka 2016, pale wasanii wa bongo fleva Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya wimbo Maria Salome wa Saida Karoli. Vijana waliozaliwa baada ya kaseti walipata kujua kwamba kuna mwanamke wa Bukoba nyuma ya kiitikio hicho, na mwenyewe akarudi jukwaani na studio. Maoni juu ya toleo jipya yalijaa sifa za video na mavazi. Swali la kihakiki lilikuwa jingine: ni nini kimebaki na ni nini kimeondoka? Kilichobaki ni mdundo na sauti ya kiitikio. Kilichoondoka ni mwanamke anayezungumza. Mahali pake amesimama mwanamume anayemsifu mwanamke anayecheza. Mabadiliko hayo si dhambi. Muziki wa kila mahali huazima. Lakini yanabadilisha maana ya wimbo mzima, na msikilizaji anastahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla ya kuambiwa kipi ni bora.

Mwaka ule ule wa Maria Salome, 2001, Dar es Salaam ilitoa albamu mbili ambazo kila mazungumzo ya bongo fleva huzirudia. Lady Jaydee alitoa Machozi, iliyoonyesha kwamba R&B inaweza kuimbwa kwa Kiswahili chenye staha bila kuigiza matamshi ya Kimarekani. Profesa Jay, aliyetoka kundi la Hard Blasters, alitoa Machozi Jasho na Damu, iliyotengenezwa na P-Funk wa Bongo Records. Wimbo wake Ndiyo Mzee, wenye mgombea anayeahidi kila kitu na umati unaokubali kila kitu, ulieleweka hata na wazee waliokuwa wakiona hip hop ni uhuni.

Hip hop ina mizani ambayo Kagera inaijua kwa jina lake yenyewe. Bahaya wana ebyebugo, yaani vivugo, majigambo ya shujaa mbele ya mtawala au mbele ya watu, ambayo mwenye kuyatamba hutaja ukoo wake, matendo yake na silaha yake kwa maneno ya haraka yaliyofumwa kwa ustadi. Majigambo hayo hayakukubaliwa kwa sababu tu ya sauti kubwa. Yalihitaji kuwa na tendo nyuma yake na picha mpya ndani yake. Rapa anayejisifu kwa kutaja fedha asizozionyesha kwenye maneno, kwa picha iliyokwisha kutumiwa na wengine, angeshindwa kwa kipimo hicho. Profesa Jay anashinda kwa sababu majigambo yake yanabeba watu wengine: mgombea, mpiga kura, kijana wa mtaani. Kisa cha Ndiyo Mzee kiliendelezwa katika nyimbo zake za baadaye, jambo linaloonyesha kwamba mtunzi alifikiri kwa urefu kuliko dakika nne za wimbo.

Kagera ilikuwa pia na Justin Kalikawe, mwanareggae aliyefariki mwaka 2003, ambaye kazi zake zilithibitisha kwamba mdundo wa Jamaika ungeweza kubeba mafunzo ya Kiswahili kwa utulivu. Reggae ya Tanzania haijapata wahakiki wa kutosha, na yeye ameathirika zaidi kwa hilo kuliko wasanii waliokaa Dar es Salaam karibu na vyombo vya habari.

Taarabu inahitaji subira ya pekee. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na tangu hapo uimbaji wa taarabu umepimwa kwa shairi, kwa pumzi ya mwimbaji na kwa mazungumzo ya udi, kanuni na fidla. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa Siti of Unguja kupitia On the Corner, kampuni ya London. Albamu hiyo ilisifiwa sana nje ya Afrika Mashariki kwa jinsi ilivyotia hewa ya kisasa kwenye nyimbo za kale. Sifa hizo zinastahili, hasa kwa sababu watayarishaji hawakuifunika sauti kwa mashine. Hata hivyo, msikilizaji wa Unguja husikiliza pia kitu ambacho maoni hayo hayakukigusa: je, vina vimetamkwa vikatimia, na je, fumbo la shairi limebaki fumbo? Kwenye taarabu ya kisasa ya Jahazi na makundi yaliyofanana nayo, kinanda kimechukua nafasi ya ala nyingi na mpasho umechukua nafasi ya fumbo. Albamu za namna hiyo zisilaumiwe kwa kutokuwa za Siti binti Saad; zipimwe kwa ukali wa mpasho wenyewe na kwa namna kundi linavyoujenga hadi watu wasimame kutunza.

Singeli imekutwa na jambo lile lile lililoikuta Maria Salome, kwa upande wa kinyume. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli uliotoka studio ya Sisso huko Mburahati, Dar es Salaam. Mdundo wa singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na wahakiki wa Ulaya waliupokea kwa mshangao kama muziki wa elektroniki wenye kasi kuliko wowote waliouzoea. Albamu zilizofuata, kama Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke, zote za mwaka 2019, ziliandikwa kwa mtazamo huo: mashine, kasi, ujasiri wa sauti. Katika vigodoro, yaani sherehe za mitaani, vya Dar es Salaam, singeli ni maneno kwanza. Umati hungoja mwimbaji aseme jambo la mtaa, amtaje mtu, alalamikie kodi ya nyumba au mapenzi yaliyovunjika, na Msaga Sumu na Man Fongo walipata majina yao kwa kusema. Albamu ya singeli isiyo na mwimbaji inaweza kuwa nzuri, lakini ni nusu ya sherehe. Mhakiki anayeijua hiyo nusu peke yake hana haki ya kuuhukumu muziki mzima.

Muziki wa injili ndio unaosikilizwa kwa uaminifu zaidi na unaohakikiwa kwa uchache zaidi. Rose Muhando alipotoa Mteule Uwe Macho mwaka 2004, mauzo na umati vilitosha kuwa maoni. Watangazaji wengi huogopa kutoa hukumu juu ya wimbo wa dini, wakidhani kwamba kuukosoa wimbo ni kuikosoa imani. Hofu hiyo inawanyima waimbaji wenyewe. Kwaya za Kagera, ambako Walutheri na Wakatoliki wana mizizi ya tangu enzi ya wamisionari, zimejengwa juu ya sauti nne zinazosomwa kwenye noti, na mwalimu wa kwaya husikia mara moja besi ikishuka au soprano ikipiga kelele. Albamu nyingi za kwaya za miaka ya karibuni zimeweka kinanda chenye midundo iliyotengenezwa tayari juu ya sauti hizo nne, kikazifunika. Kusema hivyo ni kuitetea kwaya.

Tangu intaneti ishike biashara, albamu imepata taabu mpya. Kaseti ilikufa, CD ikafuata, na kwa muda nyimbo zikawa zinawekwa kwenye flashi na kadi za simu na fundi wa kompyuta, mchanganyiko wa wasanii wote bila mpangilio wowote. Leo nyimbo zinasikilizwa kwenye YouTube, Boomplay na Audiomack, na Spotify iliingia Tanzania mwaka 2021. Msikilizaji huchagua wimbo mmoja na kuuacha mwingine kwa kidole. Kwa namna hii muziki umerudi kwenye hali ya enzi ya Redio Tanzania, ya wimbo mmoja mmoja, huku wasanii wakubwa wakiendelea kutoa albamu kama ishara ya ukomavu.

Diamond Platnumz alizindua A Boy from Tandale mjini Nairobi Machi 2018. Ndani yake wamo Ne-Yo, Rick Ross, Omarion, P-Square na Morgan Heritage, pamoja na nyimbo zilizokuwa zimeshavuma miaka iliyotangulia, kama Nana na Kidogo. Kama kumbukumbu ya safari ya msanii aliyeifikisha bongo fleva mbali, albamu hiyo ina thamani kubwa. Kama kazi moja yenye wazo moja, inayumba: jina linaahidi kisa cha kijana wa Tandale, na nyimbo nyingi zilizomo ni za mapenzi ambazo zingeweza kutoka popote. Afro East ya Harmonize, ya mwaka 2020, na Only One King ya Alikiba, ya Oktoba 2021, zina tabia inayofanana na hiyo katika jambo moja, nalo ni wingi wa wageni. Albamu ya Alikiba ina wageni kutoka Nigeria, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Mgeni anaweza kuupa wimbo uhai, kama Sauti Sol wanavyofanya wakikutana na sauti ya Alikiba, ambayo bado ni mojawapo ya sauti zenye utulivu mkubwa Afrika Mashariki. Wageni wakizidi, mwenye nyumba husikika kidogo.

Kazi iliyoshikamana zaidi katika kipindi hicho ilikuwa fupi. I Am Zuchu ya Aprili 2020 ina nyimbo saba tu. Mwimbaji wake ni binti wa Khadija Kopa, na katika Mauzauza mama na mwana wanaimba pamoja. Malezi ya taarabu yanasikika katika namna anavyomalizia neno, anavyoivuta vokali bila kulipoteza neno, hata pale mdundo ulipo wa kisasa kabisa. Kwa nyimbo saba msikilizaji anamjua msanii. Albamu za nyimbo 16 au 20 za wakati huo huo haziwezi kujivunia hilo kwa urahisi, na watayarishaji wangefaa kulitafakari.

Majina ya albamu hizi yamekuwa ya Kiingereza kwa wingi, huku nyimbo zenyewe zikiwa za Kiswahili. Love Sounds Different ya Barnaba na The Kid You Know ya Marioo, zote za mwaka 2022, ni mifano. Jina huchaguliwa kwa kuangalia msikilizaji wa mbali kwenye orodha za mitandao; maneno huandikwa kwa ajili ya msikilizaji wa karibu. Barnaba ananusurika kwa sababu ya ala: ni mwanamuziki anayepiga gitaa na kuimba kama mtu aliyezoea bendi, na mapenzi anayoyaimba yana nafasi ya kupumua kati ya mstari na mstari.

Idadi ya watazamaji imegeuka kuwa kitu kinachotumiwa badala ya hoja. Wimbo ukifikisha mamilioni ya watazamaji, mjadala hufungwa. Takwimu hizo ni habari halali ya biashara. Zinasema watu wangapi walibofya, na hazisemi kama ubeti wa pili una wazo. Kuna pia tatizo la ukaribu. Mtangazaji na msanii huishi mji mmoja, huhitajiana, na wakati mwingine fedha hupita kati yao ili wimbo uchezwe. Maoni yaliyolipiwa huharibu pande tatu kwa pamoja: humdanganya msikilizaji, humnyima msanii ukweli ambao ungemfaa kwenye albamu ijayo, na humziba mdomo mtangazaji mwenyewe, kwa sababu siku atakaposema jambo la kweli hakuna atakayeamini.

Redio za mikoani zina nafasi ambayo stesheni za Dar es Salaam hazina. Mtangazaji wa Bukoba anayejua Kihaya anaweza kuchukua albamu ya mwimbaji wa Muleba au ya kwaya ya Kashai, ambayo kwa nadra itaandikwa na gazeti la kitaifa, akaieleza vema kuliko mtu mwingine yeyote. Kipindi cha nusu saa kinatosha. Nyimbo tatu huchezwa hadi mwisho bila kukatwa kwa mazungumzo. Kisa cha kila wimbo hufafanuliwa kwa Kiswahili kwa ajili ya jirani aliyetoka mkoa mwingine. Mwaka wa kurekodi, studio, mtunzi, mpiga ngoma na waitikiaji hutajwa kwa majina, kwa kuwa majalada ya kaseti nyingi za zamani yalitaja mwimbaji peke yake na waliompigia hawajulikani tena. Mwalimu wa kwaya au mpiga enanga hualikwa kusema alichosikia. Kipindi hicho kikirekodiwa na kuhifadhiwa pamoja na albamu yenyewe, mtafiti wa baadaye atakuta nyimbo za Kagera zikiwa na maelezo ya watu walioelewa maneno yake zilipotoka.